Taa ya Buluu Uani

Miraji hakuwa fundi mbaya. Hilo tuliseme mapema, maana watu wa Ngamiani wakishakuchoka hawakumbuki jema lako hata moja. Nyaya alizozifunga zilifungika, na kamera zake masika yapige yasipige haziingii maji. Kasoro yake ilikuwa moja tu: neno "imenishinda" halikuwahi kumtoka mdomoni. Atakuambia njoo kesho, atakuambia mtandao unasumbua, atakuambia vuta subira kidogo kaka yangu. Lakini imenishinda? Thubutu!

Ndiye aliyeitwa kwa Bi Mwanakhamis, Barabara ya Kumi na Tano. Bibi huyu alikuwa Mpemba, kaolewa Tanga miaka arobaini na ushei, na mumewe, Mzee Hamad muuza karafuu, alikuwa ameaga dunia hata mwezi haujapita. Mtoto wake ni mmoja, Hilal, dereva wa kampuni huko Maskati. Kampuni ilimpa ruhusa ya matanga tu, kisha ikamtaka kazini. Wiki hiyo hiyo aliyorudi, wezi waliruka ukuta wa uani wakabeba pampu ya maji na masufuria mawili ya shughuli. Hilal huko aliko usingizi ukampaa. Akamwandikia Miraji: "Fundi, nifungie kamera, moja mlangoni moja uani, uziunganishe na intaneti nimwone mama kutoka huku. Yuko na mpwa wake tu, na kutwa anabaki peke yake."

Siku ya kazi Bi Mwanakhamis alikaa chumbani, pazia limeshushwa. Alikuwa ndani ya eda, na mwenye eda hakai mbele ya mwanamume asiye maharimu wake mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Yeye alizidisha: hata sauti yake hakutaka wanaume waisikie. La kusema alimnong'oneza Khairiya, yule mpwa wake, mwalimu wa chekechea, naye Khairiya akalitoa ukumbini. Kwa kuwa pazia ni kitambaa wala si ukuta, Miraji alikuwa akisikia kila kitu, ila alijitia hasikii.

"Mwambie fundi," bibi alinong'ona, "hicho kidude cha uani kitaniona. Mie pale nafua, pale nachana nywele. Nani mwengine atakayetazama?"

"Anauliza nani mwingine ataona," alisema Khairiya.

"Mwambie ni Hilal peke yake. Hakuna mwingine chini ya jua."

"Wallahi?"

Miraji akacheka. "Wallahi tena, dada. Mtu ataangaliaje nyumba ya watu?"

Bibi akakohoa kidogo ndani. "Na nitajuaje kama ananitazama?"

Hapo Miraji akafurahi, maana swali alilipenda. Kamera aliyoifunga uani ilikuwa na kitaa kidogo chini ya kioo chake. Mtu akiifungua kwenye simu kutazama, kitaa kinawaka buluu, akifunga, kinazima. "Mwambie mama hivi: akiona taa ya buluu, basi ajue mwanawe yuko hapo, anamwona na kumsikia. Azungumze naye tu."

Nyuma ya pazia ikasikika alhamdulillahi ndefu, na Miraji, ambaye mama yake mzazi alifariki yeye akiwa hajaanza kuota meno ya pili, akajisikia mtu wa maana sana siku ile.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Miraji alikuwa na mazoea mabaya: kila nyumba aliyofunga kamera aliisajili kwanza kwa namba ya simu yake mwenyewe, kisha humshirikisha mwenye nyumba. Kwa njia hiyo wateja wake kumi na watatu wote walikuwa ndani ya akaunti moja. Kwa wa Tanga hilo halikuwa na taabu. Lakini Hilal alikuwa amejisajili kwa laini ya Omani, na ile programu haikubali akaunti za nchi mbili kushirikiana. Miraji alijaribu mara nne, akazima ruta akaiwasha, akabadilisha bando, akafuta akaanza upya. Wapi! Kumpa Hilal neno lake la siri hawezi, maana angemfungulia nyumba za watu wengine kumi na mbili.

Na hapo angesema tu: kaka Hilal, imenishinda, nipe siku mbili niulize wenzangu. Hakusema. Alifunga begi lake, akamwambia Khairiya, "Tayari, mwambie mama mwanawe anamwona," akaondoka na baiskeli yake. Alikusudia kuirekebisha kesho yake.

Hilal akapiga simu jioni. "Fundi, mbona sioni kitu?"

"Mtandao wa huku wiki hii unasumbua, kaka. Ijumaa utakuwa hewani."

Ijumaa ikapita, na nyingine ikapita. Na Hilal naye, Mungu amsamehe, akafanya la kwake. Mama yake alipompigia akamwuliza kwa furaha, "Umeniona leo, babaangu?" hakuwa na moyo wa kumwambia hapana. Mjane, yuko peke yake, anaogopa wezi. Umwambie hakuna jicho lolote? Akajibu, "Nimekuona, mama. Nakuona kila siku." Habari ya taa hakuijua, wala mama hakumtajia, maana alidhani anajua.

Waongo wawili basi, mmoja kwa kiburi na mmoja kwa huruma, na bibi katikati akawaamini wote.

Mara ya kwanza Miraji aliifungua kamera ile kuangalia tu kama iko hewani. Akamwona Bi Mwanakhamis kakaa juu ya mkeka, kichwa wazi, anachana nywele zake nyeupe. Akaifunga haraka, akasema astaghfirullah, akaenda kunawa uso. Mara ya pili alikuwa anajaribu tena kumshirikisha Hilal, na kabla hajafunga akasikia sauti.

"Hilal, umeamka mwanangu? Umekula? Usiende kazini na njaa, tumbo lako nalijua."

Miraji akabaki na simu mkononi. Hakumkumbuka mtu aliyewahi kumwuliza hivyo. Mkewe Tausi alikuwa mwanamke mwema, lakini naye alikuwa na cherehani yake na watoto wake wawili. Wa kumwuliza Miraji kama tumbo lake linauma hakuwepo tangu azikwe mama yake. Akasikiliza mpaka bibi alipomaliza kumweleza Hilal bei ya nazi, na jinsi Khairiya anavyounguza wali, na ndoto aliyomwota marehemu amevaa kanzu mpya.

Kesho yake aliapa hatafungua, na hakufungua. Kesho kutwa akafungua asubuhi, akamkuta bibi amejiinamia. Kitaa kilipowaka akainua uso.

"Jana kutwa hukunitazama," alisema. "Nilikaa hapa mpaka magharibi nakungoja. Nimekukosea nini?"

Basi Miraji akanasa. Akifungua ni dhambi, anamtazama mwanamke wa watu ndani ya eda yake. Asipofungua, bibi anakaa kutwa anangoja kitaa. Akawa anafungua kila asubuhi, dakika tano, simu ameielekeza chini ya meza asione ila sakafu ya duka lake, anasikiliza tu. Ndivyo alivyojidanganya kwamba amelipunguza kosa. Wakati mwingine hata simu aliinua akatazama. Na kila siku alijiambia kwamba leo atampigia Hilal amwambie ukweli, na kila siku ukweli ulizidi kuwa mzito, maana sasa angemwambia nini? Kwamba mama yako nimemwona miezi mitatu?

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa eda itimie. Ilikuwa Ijumaa, saa sita na nusu. Miraji alikuwa dukani kwake Barabara ya Nane, amekwisha kuvaa kanzu, anafunga duka aende msikitini. Simu ikalia mlio wa kamera kuona mtu. Akaifungua asikilize dakika zake mbili aondoke.

Bi Mwanakhamis alikuwa anavuka uani na ndoo ya nguo. Sakafu ilikuwa na maji ya sabuni. Mguu ukateleza, akaenda chini mzima mzima, na kichwa kikagonga ukingo wa karo.

"Lahaula!" alipiga kelele Miraji, duka tupu.

Bibi alilala ubavu. Kanga ya kichwa ilikuwa imemtoka, imeanguka hatua mbili mbali naye. Baada ya muda akageuza uso polepole, akaitazama kamera, akainua mkono mmoja. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Spika ya msikiti wa jirani na duka ilikuwa imefunguliwa yote kwa ajili ya hotuba, Miraji hakusikia hata neno.

Akampigia Khairiya. Simu imezimwa, yuko darasani na watoto. Ampigie Hilal? Kidole kilifika kwenye jina lake kikarudi. Akarukia baiskeli, kamera bado i wazi kwenye simu mfukoni.

Mlango wa Bi Mwanakhamis ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa kwa komeo. Mtaa mtupu, wanaume wote msikitini. Miraji akasimama barazani, kifua kinampanda na kushuka.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

Kimya.

"Hodi, mama! Kuna mtu?"

Kimya vile vile. Mkono wake ulikuwa juu ya mlango. Kuusukuma tu, hatua kumi, amefika uani. Lakini mle ndani mna mwenye eda, kichwa wazi, na mwanamume wa nje haingii. Na akiingia, akitoka naye mikononi, jambo la kwanza watakalomwuliza ni hili: umejuaje? Nikuambie ukweli, nusu ilikuwa dini na nusu ilikuwa woga, na nusu ya woga ndiyo ilikuwa kubwa. Angeweza kubisha nyumba ya pili akaita mwanamke yeyote. Hao nao wangemwuliza vile vile. Akafunga kamera akampigia Tausi, hakupokea; akageuza baiskeli akaenda kumtafuta, Barabara ya Ishirini.

Tausi hakuwepo. Amepeleka nguo kwa mteja. Akamfuata kwa mteja, akaambiwa ameshatoka, kapitia sokoni. Alipompata, alipompakia nyuma, alipofika tena Barabara ya Kumi na Tano, watu walikuwa wanatoka msikitini na viatu vyao mkononi. Tausi akaingia peke yake. Miraji akasikia ukelele wake kutoka barazani, na ndipo majirani wakajaa.

Bibi alikuwa bado anapumua. Walimfikisha hospitali, na alasiri haijaisha akakata roho. Daktari alisema damu ilivujia ndani ya kichwa. Angewahishwa mapema kidogo, alisema, pengine. Akaliacha neno hapo.

"Ulijuaje?" Tausi alimwuliza mumewe walipotoka.

"Nilikuwa napita. Nikasikia mtu anaugulia."

Tausi alimtazama kanzu yake, akaitazama baiskeli. Kutoka Barabara ya Nane kwenda msikitini kwao hakupitwi pale. Usiku ule yeye alikuwa miongoni mwa waosha, na aibu ya maiti aijuaye mwosha. Aliporudi alilala na watoto.

Mazishi yalikuwa Jumamosi asubuhi. Na hapo ndipo Miraji alipopata adhabu asiyoitarajia, maana watu walimshukuru. Wazee walimshika mkono, mmoja mmoja. "Mungu akulipe, kijana. Bila wewe kupita angekutwa jioni." Khairiya alilia mikononi mwa Tausi akisema fundi huyu ni ndugu. Miraji aliitikia amina, amina.

Ile rekodi ya Ijumaa ilikuwa bado ndani ya kisanduku cha kurekodia kamera, ukumbini kwa marehemu, na yeye ndiye mtu pekee duniani mwenye ufunguo wake, mle ndani ya simu. Kulikuwa na alama ya kuchezesha na alama ya kufuta. Usiku wa kwanza kidole kilikaa juu ya kufuta mpaka jogoo wakawika. Akifuta, basi, habari imekwisha, hakuna atakayejua. Lakini mle ndani bibi alikuwa anasema kitu. Yalikuwa maneno yake ya mwisho, na hayakuwa ya Miraji. Hakuyafuta, na kuyasikiliza hakuthubutu.

Hilal alifika siku ya tatu, asubuhi ya hitima. Mtu mzima, mnene kidogo, macho mekundu. Alipewa pole zote barazani, kisha watu walipokwisha kula wakatawanyika akamwita Miraji ndani. Wakapita ukumbini mpaka uani. Sasa uani pale mwanamume yeyote angeingia, hapakuwa na wa kujisitiri. Mkeka wa bibi ulikuwa umekunjwa, umeegemezwa ukutani, na kitana chake kimechomekwa juu yake.

"Kaa, fundi," alisema Hilal. "Wewe nina deni lako kubwa la shukrani. Lakini mie nina jambo linaniua, na sijui nimwambie nani." Akavuta pumzi. "Nilimdanganya mama. Kila siku akiniuliza umeniona, namwambia nimekuona. Sikuona hata siku moja. Mtandao wenu ulikataa, nami nikaona haya kumvunja moyo. Labda angejua hakuna anayemtazama angekuwa mwangalifu. Labda angemzuia Khairiya asiende kazini."

"Kaka, hiyo ni kadari," alisema Miraji. Alilisema akitazama karo.

"Najua ni kadari. Lakini nataka nimwone. Hayo mliyorekodi yapo? Nataka nimwone mama akitembea hapa, basi. Hata siku moja tu."

Miraji alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale ulimini: kaka Hilal, mimi nilikuwa naona. Miaka yote hakuwahi kusema imenishinda, na leo kusema ndiko kulikomshinda. Akanyoosha mkono.

"Nipe simu yako."

Hilal alikuwa amenunua laini ya Tanzania pale uwanja wa ndege alipotua. Miraji akamfungulia akaunti mpya kwa laini ile, akaitoa nyumba ya Bi Mwanakhamis kwenye simu yake mwenyewe, akaiingiza kwenye ya Hilal. Dakika mbili. Ingetosha laini moja ya kwao, akaunti moja mpya, amtumie Hilal neno lake la siri kule Maskati, basi. Kwa nini hakulifikiria siku ile?

"Chagua siku," alisema, akamrudishia. Angeweza kuondoka hapo. Hakuondoka.

Hilal akaipita Alhamisi, akaipita Jumatano, akarudi. Kidole kikatua Ijumaa. Miraji akafumba macho, akasikia ndoo ikianguka, na Hilal akitoa sauti ya mtu aliyepigwa. Kisha, kwa mbali, hotuba ya msikiti, na juu yake sauti ya Bi Mwanakhamis, ndogo, imechoka.

"Hilal. Hilal mwanangu, nimeanguka." Kisha, "Taa imewaka. Alhamdulillahi, umeniona. Basi siwaiti majirani, kanga imenitoka, nisije nikaingiliwa na wanaume niko hivi. Mpigie Khairiya. Nakungoja wewe."

Hilal hakusogea. Rekodi iliendelea. Kisha ikasikika, kutoka nje ya mlango, hodi ya sauti ya kiume, mara moja, mara mbili. Bi Mwanakhamis akanong'ona, karibu hasikiki.

"Kuna mwanamume anabisha, babaangu. Mie siwezi kumwitikia. Mwambie asiingie." Na baada ya muda mrefu, "Taa imezima. Hilal? Umekwenda wapi?"

Hilal akainua uso.

"Taa gani?" aliuliza.

Miraji akamwonyesha. Hilal akatoka kwenye rekodi, akabonyeza kutazama moja kwa moja, na pale ukutani, chini ya kioo cha kamera, kitaa kikawaka buluu. Akabonyeza tena, kikazima. Akafanya hivyo mara tatu.

"Mimi simu yangu haikuunganishwa ila leo," alisema polepole. "Ijumaa hii taa aliiwasha nani?"

"Mimi," alisema Miraji. "Na hodi ilikuwa yangu."

Alingoja kofi. Alilitaka kofi, lingekuwa nafuu. Hilal hakuinua hata mkono. Alikaa chini juu ya sakafu, pale pale karibu na karo, simu yake iko mapajani, na alipozungumza hakuwa anazungumza na Miraji.

"Amekufa anajua nilimwona," alisema, "nikazima nikaenda zangu."